Mama Mapasa na Nguo za Dubu

Ugomvi wangu wa kwanza na Mathilde ulikuwa juu ya mabaki ya kitambaa. Mume wangu Lukumani alikuwa fundi cherehani hapa Kasongo, miaka ile ya Wabelgiji, na mashine yake ilikaa barazani kwetu, njia ya kwenda sokoni. Mabaki yalirundikana chini mpaka kuku wakataga humo. Mathilde alikuwa jirani mpya, Mkristo, mke wa Zéphirin aliyekuwa karani katika ofisi ya teritwari, serikali ya wilaya. Nikamwona amekaa mlangoni anashona kwa mkono kijigauni kidogo mno, cha kumtosha paka. Nikamhurumia. Nikachagua mabaki mazuri, ya poplini na ya drili, nikampelekea katika ungo.

Akayatazama, akanirudishia ungo wangu kwa mikono miwili.

“Asante, mama. Lakini miye sitaki mabaki.”

Nilirudi nimevimba. Wake za makarani walikuwa wanajiona, hilo kila mtu alilijua: chai kwa kisahani, viatu hata wakienda mtoni. Nikamwambia Lukumani kwamba jirani tuliyepata ni wa kumwangalia kwa mbali. Lukumani hapendi maneno wakati anatunga uzi; akasema labda mwenzangu ana sababu yake.

Alikuwa nayo. Nilikuja kuijua kidogo kidogo, maana kununa nakuweza, lakini si kwa muda mrefu.

Mathilde alikuwa amezaa mapasa, mtoto wa kiume na wa kike: Octave na Louise. Louise alikufa kwa surua kabla hajajua kutambaa. Huku kwetu mwanamke akishazaa pacha huitwa Mama Mapasa mpaka anaingia kaburini, hata akibakiwa na mmoja, na Mathilde aliitwa hivyo kila alipopita, asubuhi na jioni. Mimi ningewaomba watu wanyamaze. Yeye aliitika.

Matanga yalipokwisha, mama mkwe wake alikuja kutoka Lusangi na maneno ya ukoo wao. Pacha hawaachani, alisema. Aliyekwenda anamtazama aliyebaki. Ukimpa huyu, mpe na yule. Ukimnyima yule, atakuja kumchukua mwenzake wakaishi pamoja huko aliko. Zamani wangechonga kijisanamu cha mti, kikalala na mtoto aliye hai, kikala naye, kikaogeshwa naye. Lakini Padri alikuwa ametangaza kanisani kwamba sanamu za miti akizikuta nyumbani kwa Mkristo atazichoma, na mwenye nyumba asisogee mezani pa Bwana. Na Zéphirin alikuwa mwimbaji wa kwaya, wa mstari wa mbele.

Basi Mathilde akatafuta njia yake. Masista walikuwa wakiwafundisha wanawake kushona, na kati ya vitu walivyofundisha kulikuwa na mnyama wa kuchezea, mnene, masikio ya duara, mkia hana. Sisi tulidhani ni mbwa wa watu wenye chakula. Baadaye ndipo nikasikia kwamba ni dubu, na kwamba hata huko Ulaya watu wanamwogopa; kwa nini wanampa mtoto alale naye sijaambiwa mpaka leo. Mathilde alimkata dubu wake kutoka blangeti la kijivu lenye manyoya, akamjaza sufi, akamtia macho ya vifungo vyeusi. Akampa jina la Louise. Nani angemuuliza? Ni mchezo wa Kizungu, uliofundishwa na masista wenyewe. Siku moja Padri alipita akampigapiga dubu huyo kichwani.

Kazi ilikuwa kwenye nguo. Octave akishonewa shati la mistari, Louise alishonewa gauni la mistari ile ile. Nguo zilikuwa za kuvuliwa na kuvalishwa, kwa sababu mtoto halali na nguo ya kutwa. Jioni Octave akivalishwa ya kulala, dubu naye alivalishwa ya kulala. Jumapili walivaa za Jumapili wote wawili. Octave akijikojolea, mama alibadilisha wawili. Na dubu si kiumbe rahisi kumvika: kichwa kikubwa, mabega hana, tumbo limetangulia. Gauni ukilipitishia juu haliingii, ukilipitishia chini linaanguka. Mathilde alilipasua mgongoni kote, akaweka vishikizo vidogo alivyovisokota mwenyewe kwa uzi, na kwapani akaongeza kiraka cha pembe tatu ili mkono upite bila kushonoka. Lukumani alikigeuza kigauni kimoja ndani nje, akaufuata mshono kwa kidole mpaka mwisho. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Na kulikuwa na sharti. Kitambaa kikiwa bado kizima, hakijaguswa na mkasi, kigauni cha Louise hukatwa kwanza, katikati. Kisha ndipo shati la Octave.

“Mama Faradji,” aliniambia siku tulipopatana, akiniita kwa jina la mwanangu, “ule akipewa mabaki atajua. Mutoto anajua. Atasema, mama alinisahau, alinikumbuka kisha kumaliza.”

Kitambaa kikiharibiwa katikati ni hasara kwa fundi yeyote, na Lukumani aliuma meno kila alipouona mkasi unaingia palepale pa maana. Lakini alimwachia meza yake, na mkasi wake pia, ambao mimi mkewe siruhusiwi kukatia hata kamba. Mimi nilimcheka Mathilde, simkatazi. Sisi Waislamu hayo hatuna. Tuna yetu, na mengine ukiyasimulia yanachekesha vilevile.

Halafu likaja jambo la karte.

Wazungu walikuwa wametoa karte, cheti cha kumpa mtu mweusi ambaye wao wamemwona amestaarabika. Zéphirin aliitamani kama mgonjwa anavyotamani mchuzi. Watu walisema ni majivuno. Mimi najua zaidi kidogo: aliwahi kusimama mbele ya watu, angali mdogo, akamwona baba yake amelazwa kifudifudi, anachapwa kiboko kwa ajili ya shamba la pamba lililopaliwa vibaya. Na mwenye karte, alisema, hachapwi. Hakuwa na neno lingine. Ukimwuliza habari za mvua, atakurudisha kwenye karte.

Kabla ya kupewa, watu wa komisyo, tume yao, huja nyumbani kuangalia mnavyoishi. Siku hiyo nyumba ya Mathilde ilikuwa nusu yangu: kitambaa cha meza changu, vikombe vyangu vya mduara wa buluu, hata saa yangu ya ukutani, ambayo haitembei lakini haimwambii mtu. Mimi mwenyewe niliwekwa jikoni nyuma, nichemshe kahawa nisionekane.

Wakaja watatu: Padri, Bwana Ajenti wa serikali, na mke wa Ajenti, ambaye mji mzima ulimwita Madamu Asante, maana asante ilitangulia kila neno lake. Wakatazama kitanda, wakatazama choo, wakafungua kabati. Zéphirin alikuwa anatoka jasho ndani ya koti lake la kwaya. Wakafika mezani. Palikuwa na viti viwili vidogo, vya watoto, na visahani viwili. Kwenye kimoja amekaa Octave na shati lake la mistari. Kwenye cha pili amekaa dubu, gauni la mistari.

“Hawa, kwa nini nguo zao ni moja?” Padri aliuliza. Aliuliza kwa kucheka, kama mtu anayemtania mtoto.

“Ni Louise,” Octave akasema. “Anakula na miye.”

Padri akaacha kucheka. Ndiye aliyembatiza Louise, na ndiye aliyemzika, jina alilijua. Akamwangalia Zéphirin. Nilikuwa mlango wa nyuma na birika la kahawa, na nilimwona Zéphirin anabadilika rangi, mweusi yule akawa kama majivu.

Kisha akacheka. Sijapata kusikia kicheko kibaya kama kile.

“Ni muchezo tu, Padiri. Muchezo ya watoto. Masista walimufundisha bibi yangu kushona.” Akamnyanyua dubu kitini kwa mkono mmoja, kama kuku anayepelekwa sokoni, akamnyoshea yule mama wa Kizungu. “Kamata, Madamu. Ni zawadi ya mutoto wenu. Kwetu haiko kitu.”

Nilielewa papo hapo alichofanya. Mtu hatoi mtoto wake kwa mgeni. Kama ametolewa, basi si mtoto, ni blangeti na sufi, na nyumba hii haina ushenzi. Padri naye alielewa hivyo hivyo, uso ukamlegea. Ilikuwa akili, na mimi nilitamani birika limwangukie Zéphirin miguuni.

Madamu Asante alifurahi kweli. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. Akamkumbatia dubu, akageuza gauni, akaviona vishikizo, akashangaa. Akauliza kama ana nguo nyingine.

 Mathilde alikwenda chumbani akaja na kisanduku cha bati, akazitoa moja moja, akazikunja, akamwonyesha Madamu jinsi ya kufungua mgongoni bila kukata uzi.  Mwisho alisema hivi tu:

“Usiku anavaa hii ya maua, Madamu.”

“Asante, asante sana,” Madamu akasema.

Karte ilikuja. Zéphirin aliitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo, na kila alipoinama aliushika mfuko.

Mathilde hakulia mbele ya watu na hakumtukana mumewe. Aliacha kushona. Octave alikua kama watoto wanavyokua, shati likapanda kitovuni, suruali ikafika gotini, na mama yake hakumwongezea hata pindo. Angemshonea vipi kitu ambacho mwenzake hana? Zéphirin alinunua shati dukani. Mathilde alilipokea kwa adabu, akalifungia sandukuni. Mtoto wa mwenye karte akawa anatembea tumbo nje, na watu wakasema mama ameingiwa na uvivu. Nilitaka kuwajibu, lakini ningesema nini ambacho kisingefika kwa Padri?

Nikamwambia atengeneze mwingine. Mablangeti yapo, sufi ipo, nitamsaidia.

“Watoto yangu ni wawili,” akasema. “Nikitengeneza ingine watakuwa watatu. Na ule wa tatu, Mama Faradji, ni nani?”

 Tangu siku hiyo nikaacha kumshauri, na mimi kuacha kushauri ni ugonjwa.

Bwana Ajenti akahamishiwa Kabambare, akaenda na mke, na binti, na vitu vyao. Haukupita muda Octave akashikwa na homa. Homa hapa kwetu haina mwaliko, kila mtoto anaipata, lakini Mathilde alikaa ukingoni mwa kitanda akimwomba mtu ambaye hakuwemo chumbani. Octave alipopata nafuu, mama yake alichukua kitambaa kizima cha kijani, akakata katikati. Akashona gauni dogo, akashona shati. Shati akalikunja, hakumvalisha. Alisema Louise atangulie kuvaa, kisha ndipo huyu.

Tukapanda kamyo, lori la kubebea pamba, kwenda Kabambare, yeye, Octave na mimi. Mimi nilikwenda kwa kuwa nina shangazi kule, na kwa kuwa Zéphirin alikuja barazani kwetu akaniomba, hanitazami machoni. Mvua ilikuwa imeila barabara; tulisukuma kuliko tulivyopanda.

Madamu alitupokea kwenye veranda kama ndugu. Dubu alikuwa ameketi juu ya kikapu, pamoja na midoli mingine. Hakuwa amechafuka, hakuwa amepasuka. Lakini ilikuwa mchana kweupe, na alikuwa amevaa ile ya maua, ya kulala. Niliona Mathilde ameliona.

“Muombe,” nikamnong'oneza. “Ni mutu muzuri, atakupa.”

“Nitamuambia nini? Nikisema ni mutoto wangu, karte ya bwana yangu imekufa. Nikisema ni muchezo, nani anatembea safari hii yote kuomba muchezo alioutoa?”

Akaomba tu ruhusa ya kumvika gauni jipya. Madamu akasema asante, naye binti yake akasogea kutazama. Mathilde akapiga magoti, akamlaza dubu mapajani, akafungua vishikizo kutoka chini kwenda juu, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga. Alifanya polepole. Octave alisimama karibu akimshika dubu mguu, na papo hapo mama akamvua lile shati bovu akamvalisha la kijani. Nilimwona anapumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mimi pia nikapumua. Nikadhani yamekwisha.

Madamu akasema tumebahatika kuwakuta, maana wanakwenda konji, likizo yao, Ulaya, na binti amekataa kumwacha dubu. Akatueleza na habari za huko, kwa kutuburudisha: kwamba msimu wa baridi maji huanguka meupe, yanajaa njiani, na watoto huvaa makoti mazito, na kofia, hata vidole vinavalishwa. Akamwangalia dubu na gauni lake la pamba, akacheka.

“Maskini, huyu atasikia baridi.”

Ulikuwa mzaha. Mtoto wake alicheka, mimi nilicheka. Mathilde aliuliza kama baridi hiyo inaua, na Madamu akasema, inaweza.

Njiani, tulipofika Lusangi na kamyo ikashusha magunia, Mathilde akanigeukia.

“Umesikia, Mama Faradji,” akasema. “Atasikia baridi.”

Nyumbani kwa Mathilde kulikuwa na blangeti moja zuri, la kitandani kwao. Alilileta kwa Lukumani siku ya pili. Lukumani hajawahi kushona koti la baridi. Tulitazama picha ya kalenda ya duka la Mgiriki, mzee mmoja wa Kizungu amesimama kwenye weupe, tukakisia. Lile koti dogo lilikatwa katikati ya blangeti, kola yake, mikono yake, na ndani likatiwa kitambaa laini. Blangeti likabaki na tundu kubwa. La Octave liliungwa kwa kingo zilizosalia, mshono mgongoni, mshono begani. Zéphirin hakubisha. Alilichukua lile koti dogo, akalituma Kabambare na gari la ofisi, na jibu likarudi kwamba limefika kabla hawajaondoka, na kwamba Madamu anasema asante sana.

Kwa hiyo Louise alikuwa na koti. Na Octave akavaa la kwake.

Alilivaa asubuhi, mchana na kanisani. Kasongo hii, jua hili, sisi wenyewe tunakaa na kanga moja tukijipepea. Watoto walimzunguka wakiimba Muzungu wa Blangeti. Shingo ikamtoka vipele. Zéphirin alimvua, Mathilde akamvalisha tena, taratibu, hana hasira. Nilimwambia Mathilde kwamba mtoto ataungua akiwa hai. Akaniangalia kama mtu niliyesimama ng'ambo ya mto.

“Kule iko baridi,” alisema.

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka kule baridi iishe. Na baridi ya kule inakwisha lini, Kasongo nzima hakuna aliyejua. Lukumani hakujua, na maalimu wa msikitini kwetu, anayejua nyota za kusafiria, naye hakujua.

Zéphirin ndiye aliyekwenda kuuliza. Karani mwenye karte mfukoni, alisubiri mpaka bwana wake mpya ametia sahihi barua zote, akamuuliza, tafadhali, huko Ulaya baridi inakwisha mwezi gani. Bwana akacheka sana, akamwambia.

Akapitia kwetu kabla ya kufika kwake. Lukumani alisimamisha mashine.

“Mwezi ya tatu,” Zéphirin akasema. “Inaanza kuisha mwezi ya tatu.”

“Alhamdulillahi,” nikasema. “Nenda umwambie.”

Hakuondoka. Alikuwa ameushika ule mfuko wa shati.

“Inarudi, Mama Faradji. Nilimuuliza tena. Kila mwaka inarudi. Hii ya pili nimuambie?”

 Nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu tangu siku ya dubu, na hasira ilikuwa ingali pale, ila haikunisaidia kitu. Octave akatokea upande wa soko, amefungwa mpaka shingoni, uso umelowa jasho. Nikamwita nikampa maji, akanywa kata nzima. Kisha nikanyosha mkono nimfungulie kishikizo cha juu, walau kimoja, apate hewa.

Akakishika kwa vidole vyote.

“Acha, mama,” akaniambia. “Louise atasikia baridi.”